Mguu Ulionizuia Kufika Muleba

Jumatatu, 4 Machi 1974
Shuleni, Kaagya. Nimefundisha darasa la tatu nikiegemea ukuta. Kukaa siwezi. Maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita takoni, yanashuka nyuma ya paja hadi vidole vya mguu wa kushoto. Kama moto. Mchana, zamu ya shamba la kijiji. Nimeinama na jembe mara mbili. Ya tatu nimeanguka. Wanawake wamecheka. Balozi wa nyumba kumi kaniandika mtoro. "Mguu wenyewe hauna hata uvimbe, Mwalimu." Kweli. Hauna.

Alhamisi, 7 Machi
Hospitali, Bukoba. Daktari kauinua mguu ukiwa umenyooka, nikapiga kelele. Mguu ni mzima, anasema. Mshipa wa fahamu umebanwa mgongoni. Nilale chali wiki mbili, mto chini ya magoti. Nikishindwa kukojoa au kuzuia mkojo, nirudi mbio. Nimeona aibu.

Jumatano, 13 Machi
Barua ya dada yangu Paskazia, kutoka Muleba. Baba mgonjwa, hali chakula tena. Anauliza Mwalimu atakuja lini. Ndiye mimi, hajaniita jina tangu nimalize chuo. Nimejibu: wiki ijayo. Mguu sijautaja. Nisimtie wasiwasi.

Jumamosi, 16 Machi
Nimeshindwa kungoja. Nimesimama ndani ya basi hadi Bukoba. La Muleba, kondakta kanilazimisha kukaa. Kabla hatujatoka mjini nilikuwa nalia kwa sauti. Wakanishusha. Nimelala kwenye nyasi kando ya barabara, basi likaondoka. Najichukia.

Jumatatu, 18 Machi
Telegramu shuleni. Baba amefariki jana. Wanazika leo.

Jumapili, 24 Machi
Paskazia amekuja. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. Nikamuuliza Baba alisema nini.
"Alisema, mwacheni Mwalimu, ana kazi nyingi."
Basi alidhani ni kazi. Amekufa akidhani ni kazi. Mstari mmoja tu ungetosha katika ile barua. Sikuuandika.

Alhamisi, 4 Aprili
Hospitali tena. Daktari mwingine, mama wa makamo. Kakasirika. "Nani kakuambia ulale kutwa?" Nitembee kidogo kidogo, nipumzike kabla maumivu hayajapanda. Maji ya moto kiunoni. Nisibebe mkungu wala ndoo. Kaniandikia cheti nimpe balozi. Wengi hupata nafuu baada ya wiki au miezi, anasema. Baba hakuwa na miezi.

Jumamosi, 20 Aprili
Muleba. Siku mbili njiani. Basi, kushuka, kutembea, kulala kwa shangazi huko Kamachumu, basi tena. Kaburi liko kibanjani, kati ya migomba nyuma ya nyumba, udongo bado mbichi. Kupiga magoti sikuweza. Paskazia katandika mkeka, akaingia ndani. Nimelala ubavu kando ya Baba. Nimemweleza yote, tangu siku ya kwanza. Mvua ilipoanza, Paskazia alikuja kuniinua.