Mshika Tochi

4 Februari

Kwa wifi yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mikono yako, maana fundi wa vyerehani akiumwa mikono ameumwa na tumbo pia. Sisi hatujambo, isipokuwa mama miguu inamsumbua, na presha yangu unaijua, leo juu kesho chini.

Naandika kama watu wa zamani kwa sababu simu zangu hupokei, na nadhani namba yangu umeizuia kabisa. Sikulaumu. Msiba humbadilisha mtu.

Ile helikopta ndogo ya rimoti ya marehemu kaka iko salama. Nimeiweka juu ya kabati la sebuleni na kuifunika kitambaa cheupe. Najua ulinuna tulipoibeba baada ya mazishi, lakini wifi, kitu cha kaka ni cha damu yake. Na wewe mwenyewe ni shahidi kwamba aliyekuwa akiitengeneza na kuirusha ni yeye, wewe ulikuwa unamshikia tochi tu. Nililisema hilo mbele za watu na likakuuma, lakini sikulisema kwa ubaya.

Sasa shida yangu. Mwezi wa nne chama cha warushaji kina siku yao kiwanjani, na mwaka huu watamkumbuka kaka. Mume wangu ndiye atakayeirusha. Amejifunza sana tangu mwaka jana. Hata kofia amenunua, na wale wapakiaji wake wa magodoro dukani siku hizi wanamwita Rubani. Tatizo ni kwamba helikopta inatetemeka kama mgonjwa wa homa. Ameambiwa ni zile servo, vile vimota vinne vinavyovuta vijiti, meno yake ya plastiki yamelika. Amenunua vipya vya meno ya chuma, vikali kweli, ila kuvifunga ndiko kunakomshinda.

Kaka aliwahi kukueleza chochote? Hata kama hukumbuki yote, andika unachokumbuka.

Wifi yako akupendaye.


19 Februari

Wifi,

Barua nimeipata na kuisoma nimesimama. Nashukuru kusikia mnaendelea. Mama mpe pole ya miguu, na mwambie asikae kwenye kile kiti kifupi. Na kovu la kidole chako je, limefifia? Bado naikumbuka siku niliyokuambia pasi ina moto, nawe ukaigusa ili uhakikishe kama nasema kweli.

Mimi mzima. Karakanani vyerehani haviishi kuharibika, na nyumbani meza ya marehemu iko palepale dirishani, ina bisibisi zote na haina cha kutengeneza. Vumbi limechora umbo la kile mlichokibeba. Sijalifuta.

Nitakusaidia. Usiniulize kwa nini, wewe pokea. Lakini nina sharti moja: vimota vya zamani mkishavitoa nitumieni vyote vinne. Helikopta mmechukua na sikupigana. Vimota vibovu sidhani kama damu yenu inavihitaji.

Kwanza kabisa, mwambie Rubani achomoe waya za mota kubwa kabla hajagusa kitu. Mapanga ya helikopta hayajui nani kavaa kofia. Pili, asifunge vile vimkono vya plastiki juu ya vimota kabla ya kuwasha rimoti. Awashe, aviache vimota vijizungushe vyenyewe mpaka visimame katikati, halafu ndipo achomeke vimkono vikiwa vimekaa sawa. Akifunga kabla ya kuwasha, ile sahani iliyo chini ya mapanga italala upande, na mtapoteza siku nzima mkitafuta mchawi.

Mkifika mkiani, niandikieni tena. Mkia una mambo yake.

Wifi yako,
Mshika tochi.


10 Machi

Wifi yangu,

Habari za siku? Sisi wazima, na mama amecheka sana kuhusu kile kiti, ila bado anakikalia.

Hilo jina ulilojiita mwishoni mwa barua nimeliona. Haya, nimemeza.

Nikueleze yaliyotokea ucheke kidogo. Mume wangu alipokusoma alisema mtu aliyenuna hatoi ujuzi bure, kwa hiyo akafanya kinyume cha ulichoandika. Akafunga vimkono kwanza, akawasha baadaye. Sahani ikalala upande kama kofia ya mlevi. Akafungua, akafunga, akafungua, mpaka skrubu moja ikamtoroka ikaingia chini ya friji. Mwishowe nikamwambia afanye ulivyosema, na sahani ikakaa sawa mara ya kwanza. Nikamwambia unaona sasa? Unajua alinijibu nini? Alisema, “Ndoano haitupwi bila chambo. Huu ukweli mdogo ndio chambo.”

Nilimgombeza. Lakini sitakudanganya, wifi, neno lile limenikaa kichwani.

Vimota vya zamani hivi hapa kwenye boksi la sabuni, vinne kamili.

Tumebakiwa na mkia. Kimota kipya kimeshafungwa. Mwanzoni mkia ulikuwa unakwenda kinyume: ukisukuma kijiti cha rimoti kushoto, wenyewe unakwenda kulia. Mume wangu akarekebisha kwenye rimoti, sasa unatii. Ila kuna kile kisanduku cheusi kinachoutuliza mkia usiyumbe, na kina swichi ndogo ubavuni. Kaka aliiacha kushoto. Tuiache hivyohivyo?

Eleza vizuri, usinifiche kitu. Kaka anatuona.

Wifi yako.


17 Machi

Wifi,

Salamu kwenu nyote. Vimota vimefika. Waya wa kimoja bado una alama za meno ya kaka yako. Kila siku nilimkataza kuvua waya kwa meno, na kila siku aliniitikia “ndiyo, mama” huku ameuma. Nimekikalisha mezani, juu ya lile vumbi.

Sasa mkia. Msomee Rubani polepole, tena mara mbili.

Swichi msiiache kushoto. Ipelekeni kulia. Kama mkia ulikwenda kinyume mara ya kwanza, maana yake kimota kipya kinazunguka kinyume na kile cha zamani. Rimoti mmeirekebisha, sawa, lakini kisanduku hakina habari. Chenyewe kinaendelea kuagiza kama kinaagiza kile cha zamani. Mkiiacha swichi hapo, kisanduku badala ya kuutuliza mkia kitausukuma, na helikopta itazunguka kama pia ya mtoto mara tu ikiacha ardhi.

Kama hamniamini, jaribuni. Mota kubwa ikiwa imechomolewa, shika helikopta mkononi na uizungushe pua kwenda kulia. Kimota cha mkia lazima kivute upande uleule kinaovuta unaposukuma kijiti cha rimoti kushoto, kwa sababu kinapigania kuirudisha pua. Kikivuta upande mwingine, swichi iko pabaya. Ni jaribio la kufanya huku chai inapoa.

Na kwa kuwa umeniomba nisifiche kitu, nakuambia na hili. Aliyeiweka hiyo swichi kushoto ni mimi. Niliiweka mimi, na vimota vya zamani nilivifunga mimi, na kaka yako alikuwa amekaa kwenye kigoda akinishikia tochi. Alikuwa mrushaji asiye na mfano. Bisibisi ilikuwa yangu.

Nakutakieni siku njema kiwanjani.

Wifi yako,
Mshika tochi.


21 Aprili

Wewe,

Salamu leo huna. Nimekaa zaidi ya wiki nikiandika na kuchana ndipo nikaituma hii.

Hatukuigeuza swichi. Mume wangu alisema ndoano ndiyo hiyo sasa imeonekana, huyu mwanamke anataka tuharibu alichokiweka marehemu kwa mkono wake. Hata lile jaribio la kushika pua alisema nalo ni mtego. Na mimi, nikuambie ukweli, nilikuwa bado njia panda mpaka nilipofika pale ulipojisifu kwamba uliiweka wewe. Nilikasirika nikaikunjakunja barua yako. Nikasema kwa kinywa changu, “Isiguswe. Ibaki kama kaka alivyoiacha.”

Kiwanjani walitandika meza mbele, wakaweka picha ya kaka na maua. Mama alikaa kiti cha kwanza. Mwenyekiti wa chama akasema maneno mazuri, Rubani akavuta kofia yake na kusukuma kijiti. Helikopta ikapanda mpaka usawa wa magoti. Halafu ikaanza kuzunguka, wifi, ikazunguka mpaka hatukuona tena pua wala mkia. Mume wangu akaitupa rimoti akakimbilia nyuma ya spika. Ikaenda upande wa meza, ikakata mguu wa meza, picha ya kaka ikaanguka kifudifudi, na vipande vya mapanga vikaruka hadi kwenye mapaja ya mama. Hakuumia, ila alilia kwa sauti ambayo hata kwenye mazishi hakuitoa.

Mwenyekiti akaiokota. Akatazama ubavuni, akaiona ile swichi, akauliza kila mtu akisikia, “Mbona hamkumwita mke wake? Yule ndiye fundi. Marehemu mwenyewe alikuwa akimshikia tochi.” Na watu wakaitikia kwa vichwa. Wote walikuwa wanajua. Kiwanja kizima kilikuwa kinajua isipokuwa sisi ndugu zake.

Mume wangu anasema ulitudanganya. Mimi nimeikunjua barua yako, nimeisoma tena na tena nikitafuta uongo, na sijauona. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ulijua hatutaamini. Ulituandikia ukweli ili tuukimbie.

Sitaki kuiona nyumbani kwangu tena. Nimeifunga kwenye sponji ya godoro na mzigo uko njiani. Itazame vizuri ulichokifanya kwenye kitu cha marehemu.

Mimi.


9 Juni

Wifi,

Salamu wewe unastahili, hata kama mimi sikustahili. Mama anaendeleaje? Hilo la mapajani kwake sikulitaka, na nimemwandikia mwenyewe peke yake. Msimsomee, asomewe na jirani.

Umesema nilijua kwamba hamtaniamini, nami nakujibu. Ndiyo, nilijua. Nilijua tangu barua yako ya kwanza, kabla hata sijafungua ya pili. Mtu anayegusa pasi baada ya kuambiwa ina moto, huyo humdanganyi. Huyo unamwambia ukweli, unakaa pembeni unangoja kelele. Sikuandika uongo hata mstari mmoja, na ukienda kunishtaki popote, barua zangu zipeleke, zitanitetea.

Vile vimota vya zamani nilivitaka kwa ajili ya alama za meno, kweli. Lakini nilivitaka pia ili Rubani akikwama asiwe na pa kurudi. Angevirudisha vile, na rimoti akairudisha ilivyokuwa, swichi ya kushoto ingekuwa sawa na mngepigiwa makofi. Nililifikiria hilo nikiwa napaka mafuta cherehani cha mtu, na nikatabasamu.

Na barua yako ya kiwanjani ilipofika nilicheka. Nilicheka karakanani mpaka wenzangu wakazima mashine wakidhani nimepatwa na kitu. Nilivuliwa mume wangu mara mbili, wifi. Mara ya kwanza alipokufa, hilo si lenu. Mara ya pili ulipowaambia watu kwamba miaka yote ile pale dirishani nilikuwa nguzo ya taa. Sikuwa na haja ya kitu chako chochote. Nilitaka uongo wako ufe mbele ya watu walewale, na umekufa, tena kwa mkono wako. Nasema asante.

Mzigo umefika. Mkia umepinda, mapanga hayafai, fremu ina ufa mmoja tu. Vimota vyenu vipya vimetoka bila mkwaruzo. Chuma ni chuma, mwambie Rubani amechagua vizuri. Nimeweka mapanga mengine na bomba jipya la mkia, nimeunga fremu, na swichi nimeipeleka kulia. Jumapili iliyopita niliirusha kwenye uwanja wa nyuma ya karakana. Ilisimama hewani imetulia kabisa, haikutetemeka wala kuyumba. Kaka yako angeimba.

Haitarudi kwenu. Usiiombe.

Ila nikuambie jambo moja, na usiringe. Wakati wa kufunga kile kimota cha mkia, mle ndani kuna giza, na mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi. Nikaiuma tochi kwa meno. Mate yakanitiririka mpaka kifuani, taa ikawa inamulika ukuta, skrubu nikaikosa, nikaikosa tena. Nikaweka kila kitu chini nikalia. Kumbe kazi ile niliyotukanwa nayo ni kazi, na aliyekuwa akiifanya aliijua. Alikuwa akiusogeza mwanga kabla sijamwambia usogee.

Namba yako nimeifungua. Jumamosi nabadilisha yale meno yaliyolika ya vile vimota vya zamani, na nafasi ya mshika tochi iko wazi. Ukija, kaa kwenye kigoda, usiongee, na usiguse kitu.

Wifi yako,
Fundi.