Rolipoli ndani ya Mkono wa Kanzu

Jumapili, 3 Machi 1985

Ukweli usemwe: bila ya mimi, Heathrow hakuna ndege inayoruka. Nani ataruka na njaa? Kule Hayes, kwenye jiko la chakula cha ndege, kila sinia la abiria linapita mbele yangu. Kijiko kipo, uma upo, pita. Kijiko hakipo — hakipiti kitu. Rubani mzima na kofia yake ananingoja mimi.

Leo Suad, binti wa mdogo wangu Muhiddin, kaja na kitabu cha skuli. Hadithi ya watoto wa bodingi. Wamo humo wanagombania kitu kitamu cha baada ya chakula, kinaitwa rolipoli. Kamuuliza mamaake Time, hajui. Kaniuliza mimi. Sasa mimi niseme sijui? Na Time kasimama pale na mwiko wake, anasubiri niseme sijui.

Nikasema hiyo nimeila mpaka nikaichoka. Kwa Balozi wa Kiingereza, Unguja, kabla ya mapinduzi. Mpishi wake hapakui mpaka nionje mimi kwanza.

Time akasema, "Shemegi, juzi si ulituambia ulikuwa dereva wa huyo Balozi?"

Nikamuuliza, kwani dereva hali?

Suad hakucheka. Humu ndani ndiye pekee anayenisikiliza mpaka mwisho.

Jumanne, 5 Machi

Makubwa. Suad kamwambia mwalimu wake. Mtoto asiyefungua mdomo darasani, Time kaitwa skuli sijui mara ngapi, anaambiwa binti yako haongei — huyo huyo jana kanyoosha mkono. Kasema ami yangu anajua kuipika. Ijumaa kila mtoto apeleke kitu kilichomo kwenye kitabu chake. Na mimi nimealikwa, mgeni rasmi.

Ananihadithia kwa Kiingereza, mbio mbio, macho yanamng'aa.

Time kanivuta jikoni. Kama huijui mwambie leo, usije ukamtia aibu mtoto mbele ya wenziwe, ndiyo kwanza anaanza kuongea. Nikamwambia, shemegi, wewe unajua unasema na nani?



Jumatano, 6 Machi

Nimemwambia Suad anisomee ile sehemu, ati nijikumbushe. Kiingereza cha kusema ninacho. Cha kusoma kinanikimbia.

Kumbe si kazi. Unga na mafuta, unasukuma kama chapati, unapaka jamu, unakunja kama mkeka. Unautia ndani ya mkono wa shati kuukuu, unafunga, unachemsha. Watoto wa kitabuni wanauita mkono wa maiti. Hapo Suad alicheka mpaka akalala kwenye kochi.

Ila mafuta yenyewe yana jina lake, na hilo sisi hatulijui. Nikaenda dukani kwa Bhanu, Baniani wa Tanga, Kiswahili chake kinakipita changu. Nikamtajia kwa sauti, duka limejaa. Akaniinamia: "Ami, hayo ni mafuta ya figo la ng'ombe. Hapa kwangu hata yai hupati, unakuja kuniulizia ng'ombe?" Mama mmoja akasogeza kikapu chake mbali nami.

Nikasema nilikuwa nakupima tu, Bhanu. Nikatoka na kopo la samli, sikuangalia nyuma.

Alkhamisi, 7 Machi

Time kaenda kazini kwake, kwenye nyumba ya wazee. Jiko langu.

Mashati yangu yote ya nailoni, yakiona moto yanayeyuka. Kanzu ninayo moja, ya msikitini. Basi sandukuni mwao nikaona kanzu ya Muhiddin, kuukuu, kola imechakaa, mkono mpana. Nikaukata. Nikautia unga uliokunjwa na jamu yake, nikafunga kwa uzi huku na huku, sufuriani.

Time kila nguo ya sanduku lile huifukiza udi, miaka nenda miaka rudi. Hilo sikulifikiria mpaka maji yalipochemka na nyumba nzima ikanuka arusi. Nikafungua madirisha. Nikajiambia labda harufu haikuingia ndani ya unga.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika kwa sababu sitaki kushuka chini.

Nilivaa suti. Nikapeana mikono na kila mtu, nikawapa walimu habari za Balozi. Ikakatwa. Maji mekundu yakatapakaa mezani, ndani unga mbichi. Kitoto kimoja kikatafuna, kikasema inanuka sabuni ya bibi yake. Darasa zima kicheko. Mwalimu akatema ndani ya karatasi, kwa adabu, akanigeukia. Kwa upole — afadhali angenitukana. Akaniuliza, Balozi alikuwa akiila hivi hivi?

Nikachukua leso, nikaanza kupangusa meza.

Suad akasimama. Akasema kaipika yeye. Ami yake alimweleza vizuri, yeye ndiye hakusikiliza.

Wakamcheka yeye. Na mimi nilifanya nini? Nilitikisa kichwa. Taratibu, kama mtu mzima aliyeonya asisikilizwe.

Kwenye basi alikaa kiti cha mbele yangu. Nikamwambia tukishuka nitakununulia chipsi. Akajibu kwa Kiingereza, hakuna neno, Ami. Hakugeuka.

Sasa Time karudi, katafuta shuka, kafungua sanduku. Kumbe ile ndiyo kanzu aliyooa nayo Muhiddin. Wallahi sikujua. Namsikia kutoka huku juu: nani kaikata? Suad, nakuuliza.

"Mimi, mama."

Sauti ile ile ya darasani.

"Una wazimu wewe? Babaako akirudi kazini utamwambia nini?"

Time anauliza tena.

Nimesimama, nimekaa. Nimeshika kitasa cha mlango, nimerudi kwenye kalamu. Ngazi zenyewe si nyingi.

Niandike basi, humu haoni mtu. Darasani, aliposema ni yeye, sikumwonea huruma. Niliona afueni. Na sasa hivi, kusikia ile "mimi, mama" — nimeiona tena.