Kilichovimbisha Taya la Christopher

Wheaton, Maryland
12 Novemba 2006

Mpendwa Baba Mdogo Wambura,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu unaokusumbua umepata nafuu. Presha ya Mama Mdogo nayo inaendeleaje? Huku baridi imeanza kuuma, lakini mimi na binti yangu tu wazima wa mwili. Simu yangu umeacha kuipokea, ndiyo maana namkabidhi jirani yangu Dorothea karatasi hizi. Anarudi Musoma wiki hii, na ameniahidi kuwa atakusomea mwenyewe kama miwani imepotea tena.

Ndugu yangu Christopher yu hai. Hilo lishike kabla ya mengine yote.

Najua mliambiwa vingine. Mimi nilikuwapo, basi nisikilize. Mwezi wa nane tulikuwa Columbia, kwenye sherehe ya kipaimara cha binti yangu. Chris alikuwa amelewa. Akamgeukia Festus, rafiki yake waliyepanga naye nyumba hapa Wheaton, akamwambia mbele ya wageni, "Wewe ulivuka bahari uje kuosha matako ya vizee." Festus anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kazi hiyo ndiyo inayomlisha mama yake huko nyumbani. Alimpiga Chris ngumi ya taya, nikasikia jino likikatika. Chris akaangukia meza ya chakula, damu ikachuruzika kwenye pilau. Festus akampanda kifuani, akaendelea kumpiga mpaka mdogo wetu Tobias na wanaume wengine walipomng'oa.

Taya likavimba. Hospitali wakasema jino lililovunjika limetunga usaha, wakampa dawa akarudi nyumbani. Uvimbe haukupungua. Ulikuwa kama limau, baada ya siku chache ukawa kama chungwa, meno ya jirani yakalegea, jicho likasukumwa juu. Alikuwa hawezi kumeza hata uji.

Tobias akaona kaka yake anakufa kwa ngumi. Akawapigia simu vijana wako huko, akawaambia Festus amemuua Chris. Kisha akamvizia Festus kwenye maegesho ya magari pale madukani, na spana ya magurudumu mkononi. Alimvunja mkono kwanza, halafu mbavu. Watu walipiga kelele, yeye haachi. Polisi walimlaza kifudifudi kwenye lami wakamfunga pingu, na mpaka leo yuko mahabusu.

Nanyi mkaamini ile simu. Niliyoyasikia yananitosha, Baba Mdogo. Vijana wako walimkuta Dunstan, mdogo wake Festus, akikamua ng'ombe. Wakamkata mapanga mbele ya mama yake, na Mama Bilha alipomlalia mwanawe ili amkinge, naye akakatwa vidole. Dunstan hakuwahi kukanyaga Amerika. Hakujua hata kama kulikuwa na sherehe.

Siku zile zile madaktari walikuwa wamekata kipande cha nyama kwenye taya la Chris. Kumbe ilikuwa saratani ya tezi, wanaiita limfoma. Daktari wake, mama mmoja aitwaye Audrey, hakutaka kukisia ni limfoma ya aina gani. Alisema kwa hadubini ziko mbili zinazofanana sana, na dawa inayoponya moja haifui dafu mbele ya nyingine. Kipande kikapelekwa maabara kupimwa vinasaba.

Majibu yalipotoka alinionyesha picha kwenye kompyuta. Kila chembe ya mwili ina nyuzi zinazobeba maagizo yake, ndizo kromosomu. Walikuwa wameutia uzi mmoja rangi mbili zinazong'aa, nyekundu na kijani, ambazo kwa mtu asiye na ugonjwa hukaa zimegusana. Kwenye chembe za Chris zilikuwa zimeachana. Uzi wa nane ulikuwa umekatika, na kipande chake kimebadilishana mahali na kipande cha uzi wa kumi na nne. Huko kilikohamia, agizo la kuzaliana likawa halizimiki tena.

"Hii ni limfoma ya Burkitt," alisema. "Dawa za kawaida zisingemwokoa. Tunaanza leo, na zile kali."

Nikamwuliza kama ngumi inaweza kuukata uzi ule. Alinitazama kama mtu asiyeelewa kwa nini nauliza.

"Hapana. Ngumi huvunja jino na mfupa. Hili lilianza lenyewe ndani ya chembe moja. Hakulirithi kwa mtu, wala watoto wake hatawarithisha."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimepigiwa simu kwamba Dunstan amezikwa.

Dawa zilimtesa Chris kuliko kipigo. Uvimbe uliyeyuka kwa kasi hata figo zikaelemewa, wakamfunga kwenye mashine ya kusafisha damu. Alitapika damu, ngozi ya mdomo ikabanduka, akachomwa sindano mpaka kwenye uti wa mgongo. Alipopata fahamu sawasawa nikamweleza habari za Dunstan. Aling'oa mpira wa dawa kifuani, damu ikaruka ukutani, wauguzi wakamwangukia wote kumshika.

Ndipo Festus alipokuja, mkono kwenye plasta. Chris akamwambia, "Njoo unimalizie."

"Nilikuja kwa ajili hiyo," Festus akajibu. "Nimekuta umeshaisha mwenyewe."

Akakaa kwenye kiti akalia mpaka wauguzi wakatufungia mlango. Hawajapatana, nisikudanganye. Ila huja Jumapili, akakaa, akaondoka, na hawasemeshani.

Vipimo vya wiki iliyopita havikuonyesha ugonjwa popote. Dokta Audrey anasema tusishangilie bado, dawa hazijakwisha. Lakini Chris anakula ugali, na taya limerudi kama alivyozaliwa nalo.

Baba Mdogo, wewe ndiye uliyenilea baba alipofariki, na sijawahi kukujibu vibaya. Leo nasema. Nimesikia vijana wanataka kurudi kwa Mama Bilha kummaliza mwanawe aliyebaki huko nyumbani. Wazuie. Waliomkata Dunstan wapeleke polisi kwa mkono wako mwenyewe, hata kama ni wanao. Kisha uende kwa yule mama, useme kwa kinywa chako kwamba ngumi ya Festus haikuua mtu, na Dunstan aliuawa bure.

Nisalimie Mama Mdogo, Shangazi Bhoke na Bibi Nyamburi. Waambie nawakumbuka kila ninaposali.

Chris naye anakusalimu. Anasema siku madaktari watakapomruhusu kusafiri, nyumba ya kwanza kuingia haitakuwa yako. Usipokwenda wewe, Mama Bilha ataupata ukweli kwa kumwona aliyesemekana kuuawa amesimama uani kwake, anapumua.

Mungu akupe miguu ya kufika kwake mapema.

Wako akupendaye, hata leo,
Irene