Mzee Omollo Anashonewa Suti

Quincy bro,

Zii, simu yangu haijapotea, ni mimi nilikataa kushika. Ningekutusi, na wewe huko majuu ungelia kwa wazungu.

Kitabu ya maisha yako nimesimamisha. Nimeambia Cate, yule anatuandikia, asipige chapa tena. Story zote za mpira nilimpea, hata ile siku tukiwa class four ulifunga goli yetu wenyewe ukashangilia peke yako. Alicheka mpaka machozi. Lakini chapta ya pili umesema baba yako alikufa ukiwa mtoto.

Jana huyo baba yako, Mzee Omollo, ametoka kazi yake ya maua Lavington, akapitia hapa Dagoretti Corner penye nauza viatu. Amevaa jezi yako.

"Haron, mimi niko page gani?"

"Mzee, wewe uko mbele kabisa."

Bro, nilitoa jasho kama shahidi wa uongo. Amepeleka kitambaa kwa fundi, anashonewa suti ya siku ya kuzindua kitabu!

Najua aliuza buti zako za kwanza akanywa pombe. Mimi na wewe tulilia pamoja. Andika hiyo, na hasira yote. Lakini usizike mtu bado anapimwa suti.

Sasa tufanye deal. Disemba ukikuja, keti na yeye, umsomee hiyo chapta na mdomo yako. Ukifika mwisho, nanyamaza, iende hivyo. Ukishindwa katikati, tunaifuta, halafu Mzee anasema yake na Cate anaandika. Umekubali?

Ni mimi wako,
Haron wa Viatu