Mzimu: Upo au Haupo

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimepewa kazi ya peke yangu — ya kwanza tangu niajiriwe! Bosi wetu wa manunuzi amenisukumia boksi jeupe juu ya meza. Ndani kuna kifaa cha kusomea vitabu, toleo jipya la kile ambacho ofisi ilinunua zamani, daraja la chini kabisa. Vinatakiwa mia sita, kwa madarasa ya wanafunzi wenye uoni hafifu. Nikishakijaribu, niandike kama kinafaa.

Halafu akanipa fomu ya tathmini. Imeshajazwa! Kila mstari una alama yake ya vema. Peupe ni pale pa sahihi tu.

"Kichezee kidogo, binti, Ijumaa uniwekee sahihi. Kikao ni Jumatatu."

Nikasema sawa, mzee. Ningesema nini? Mwisho wa mwezi majaribio yangu ya miezi sita yanakwisha, na yeye ndiye anayeamua kama nithibitishwe kazini au nikakae nyumbani.

Mstari wa saba wa fomu unasema: "Mzimu: haupo / upo kidogo / upo sana." Nimeusoma mara tatu. Vema iko kwenye "haupo". Nimeona aibu kuuliza.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimeuliza. Fundi wa kompyuta amecheka mpaka ameshika mlango. Kumbe ni jambo la kiwandani. Skrini ya kifaa hiki haina mwanga kama wa simu, ina wino. Ukigeuza ukurasa, wino wa ukurasa uliopita haufutiki wote. Hubaki kivuli chake, hafifu, nyuma ya maneno mapya. Wenyewe wanakiita mzimu. Aliyetunga fomu yetu akatafsiri hivyo hivyo.

"Nani aliitunga?" nikauliza.

Fundi akaacha kucheka. Mama anayesafisha ofisi ndiye aliyejibu, akiwa bado na fagio mkononi: "Si yule aliyekuwa na meza yako, mwanangu? Mzee Miwani."

Basi kila mtu akakumbuka ana kazi.

Ninachojua juu ya Mzee Miwani ni kidogo. Karani aliyenitangulia. Alipitisha toleo la zamani. Malalamiko yakaja kutoka shuleni, akaitwa kuhojiwa, akaanguka kwenye korido akiwa njiani kwenda huko. Wiki moja hospitali, basi. Kiti chake kimebonyea kwa umbo lake, si langu. Huwa nakaa ukingoni, kama mgeni.

Matokeo ya leo: kifaa ni chepesi. Kurasa zinageuka upesi kuliko za toleo la zamani. Mwanga wa pembeni umetulia, hauna madoa. Kitufe cha kuwashia kiko chini, nakibonyeza bila kukusudia. Betri haijashuka. Mzimu kwa herufi za kawaida — siuoni. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Saa nne fundi aliunganisha kifaa na akaunti ya ofisi. Akaunti ni moja tu na ina kitabu kimoja tu cha majaribio: mwongozo wa kufuga nyuki. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Kikasita. Kisha mistari ikaanza kujitokeza chini ya maneno, mmoja mmoja, bila mtu kugusa! Kurasa nzima. Na pembeni vialama vya maelezo. Nikabonyeza kimoja.

"Herufi za ukurasa uliopita zimeshikana na hizi. Nimesoma kurasa thelathini, macho yanauma."

Kingine: "Nimeongeza ukubwa wa herufi. Ni mbaya zaidi. Mbona hakuna aliyejaribu kwa herufi kubwa?"

Chini ya kila maelezo, tarehe ya leo. Leo, saa nne na dakika saba.

Nilisimama. Kiti kikaanguka. Fundi akarudi mbio, akatazama, akasema, "Dada, haya ni ya Mzee Miwani. Yalikuwa kwenye akaunti. Tarehe hiyo ni ya kuingia humu, si ya kuandikwa."

Nimeelewa. Aliyosema fundi ni sahihi kabisa. Mikono imekataa kukishika tena mpaka saa nane.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Maelezo ni sitini na moja. Nimeyasoma yote kwa mfuatano wa kurasa, asubuhi nzima, huku najiambia ni kazi.

Alikuwa anajaribu BAADA ya kutia sahihi. Ndiyo maana ya yote. Vifaa vilikuwa vimeshapelekwa, naye akaketi hapa, siku baada ya siku, na kitabu kile kile cha nyuki, akitafuta alichokosea. Katikati ya sura ya kukinga mizinga na siafu ameandika: "Barua ya tatu kutoka shuleni. Mwalimu anasema watoto wanasoma mistari miwili kwa pamoja na wanadhani wao ndio wajinga."

Kwenye sura ya asali: "Sikufungua hata boksi. Nilitia sahihi kwa sababu niliambiwa Ijumaa."

Nimefunika kifaa na faili. Nimeenda kunywa maji. Nimerudi.

La mwisho, ukurasa wa mia na kumi na mbili: "Kumbe kwenye mipangilio ipo sehemu ya kufuta skrini kila ukurasa. Ukiiwasha, mzimu unakwisha. Jambo dogo hivi! Ningewaambia tangu mwanzo. Kesho kwenye mahojiano nitawaonyesha."

Hakufika.

Nilikwenda kwenye mipangilio haraka, nikifurahi kama aliyepewa jibu la mtihani. Nimepekua juu hadi chini. Nimemwita fundi, naye amepekua. Haipo. Toleo jipya limerahisishwa — wameiondoa.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Bosi alipita saa tisa, koti begani. "Ile karatasi yangu?"

Nikasema bado kidogo, mzee, nimalize kupima kwa herufi kubwa.

Akaketi kwenye kona ya meza. Hakukasirika, ingekuwa afadhali. Akasema mimi ni msomi mzuri, barua yangu ya kuthibitishwa ameshaianza, asingependa kuiacha njiani. Akaniambia mzimu ni neno la kitoto, hajui kwa nini marehemu alilichagua, linatisha watu bure.

"Yeye hakunisumbua," akaongeza. "Nilimwambia Ijumaa, ikawa Ijumaa."

Nilitazama mikono yangu. Nikaomba mpaka Jumatatu asubuhi kabla ya kikao, na ruhusa ya kwenda na kifaa nyumbani. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto anayeomba kwenda msalani. Akakubali. Alipoondoka kona ya meza ilikuwa na joto, na sikuweza kuweka kitu pale.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Shangazi ninayeishi naye alikuwa mshonaji miaka thelathini. Sasa macho yamechoka, hata tundu la sindano analitafuta kwa ulimi. Nani bora wa kukijaribu naye?

Tulikaa dirishani baada ya chakula cha mchana. Nikaweka herufi kubwa kabisa. Kwenye ukurasa wa kwanza alipiga makofi. "Mama wee! Nimeusoma mwenyewe! Na miwani yangu iko kabatini!" Wa pili. Wa tatu. Nilianza kuhisi mabega yakishuka. Labda ni woga wangu tu.

Ukurasa wa sita akapunguza mwendo. Akasogeza kifaa mbali, akakirudisha karibu. Akasoma kwa sauti: "Malkia hutaga mayai... usifungue... katika vyumba vya..."

Nikatazama. "Usifungue" haipo pale. Iko ukurasa wa nyuma: usifungue mzinga wakati wa mvua.

"Shangazi, hilo neno umelitoa wapi?"

"Si hili hapa? Wako wawili humu. Huyu akisema, mwenzake anadakia kwa nyuma." Akacheka. Kisha akaona uso wangu. "Kwani nimekosea? Basi ni mimi, mwanangu, ni macho yangu. Kitu chenyewe kizuri, wasije wakakunyima kazi kwa ajili ya macho yangu."

Nikamwambia si macho yake. Akasema tena ni macho yake. Akakifunga taratibu na kunirudishia kwa mikono miwili, kama kitu cha watu alichokivunja.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimejaza fomu mpya kwa mkono wangu. Mstari wa saba: upo sana, kwa herufi kubwa, kuanzia ukurasa wa sita. Sehemu ya kufuta imeondolewa. Kwa mwenye macho mazima, kifaa kizuri. Kwa wanaoagiziwa — hakifai.

Nimeitia sahihi kwa mkupuo mmoja, isije ikaonekana nimesitasita. Imeonekana hivyo hivyo.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Saa mbili na robo nimempa Bosi. Amesoma amesimama. Ameisoma tena. Amechukua fomu zote mbili, aliyonipa ikiwa imejazwa na yangu, ameingia kikaoni.

Saa tatu. Naandika kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha mikutano. Mama wa usafi amepita, amenigusa bega. Hapa ndipo alipoanguka, nadhani. Hakuna aliyenionyesha, lakini kila mtu anapita akikwepa vigae vile vile.

Saa tatu na nusu. Sauti ya Bosi, ndefu. Sauti ya mwanamke nisiyemjua: kwani huyu karani ni nani? Kicheko kidogo. Kisha mtu anasoma, na nayasikia maneno yangu: hakifai. Anarudia: hakifai.

Saa nne kasorobo. Katibu muhtasi ametoka, amefunga mlango kwa goti, ameketi kwenye mashine yake hapo mbele yangu. Ameweka karatasi yenye nembo.

"Mdogo wangu, nitajie majina yako yote matatu. Yasije yakakosewa."

"Ni barua ya nini, dada? Ya kuthibitishwa, au ya kwenda nyumbani?"

"Nimeambiwa nianze na majina."

Nimemtajia la kwanza. Nimemtajia la pili. Anachapa taratibu, kidole kimoja, midomo ikifuata kila herufi. Mlango umefunguliwa tena nyuma yake, Bosi amesimama pale na kalamu, hanitazami mimi, anatazama karatasi.

"La tatu," anasema katibu.