Shati Lililoungua

Shoga, uko? Usipige, nipo kituo cha basi nalia, watu wananitazama.

Nimerudi kwa yule mama wa dobi kuomba kazi. Ndiyo, mimi. Hela ya bahati nasibu imekwisha yote. Gari la kaka, harusi ya binamu, nyumba iliyoishia kwenye lenta bila paa, na huu mdomo wangu wa "chukua tu, utarudisha ukipata."

Nilijua atanifukuza. Hakunifukuza. Aliingia ndani akatoka na shati jeupe lenye alama ya pasi mgongoni.

Lile lile, shoga. Lile nililoliachia pasi ya moto siku niliyoshinda, nikatoka naringa kwamba mimi na nguo za watu basi.

Akalitandika mezani mbele ya wenzangu wote. "Mwenyewe alikuwa anaoa kesho yake," akasema. "Nilimpigia magoti."

Nikakosa pa kuweka uso.

"Kesho uje saa moja. Na ukiondoka, zima pasi."

Basi. Hakunitukana hata kidogo. Afadhali angenitukana.

Ile sauti niliyokutumia siku ile, nikikuhadithia habari ya shati huku nacheka, nimeisikiliza sasa hivi. Naomba uifute.