Jina Nililompa Mgeni

Nyamirambo, Kigali

Mjukuu wangu Keza,

Salamu zikufikie huko Arusha. Sisi tu wazima. Mama yako amepona mafua, na cherehani yangu bado inapiga kelele kunishinda.

Unauliza kwa nini wale wacheza ngoma wa huko wananyamaza kila ukianza kuwahoji kwa ajili ya tathmini yako ya kikundi chao.

Nikiwa kijana, wanawake wa mtaa tulikuwa tukicheza ngoma pamoja, tupate kucheka tena. Akaja mgeni, mama mmoja mpole, kupima kama kikundi kinatusaidia. Akaanza kwa kuandika majina yetu, nasi wakati wa mauaji tulishaona majina ya watu yakiandikwa, kisha wenyewe wasirudi. Hayo nayaacha. Rafiki yangu Salima akaninong'oneza, "Usitoe jina lako." Nikasema naitwa Mariamu.

Baadaye mgeni akaita, "Mariamu, ngoma zimekusaidia nini?" Akarudia, nami nikawa namtafuta huyo Mariamu kwa macho. Akaita jina la pili, na aliyelitoa naye akageuka kumtafuta mwenyewe. Hapo akaelewa kuwa tumempa majina ya uongo. Akaichana karatasi mbele yetu, akavua viatu, akasema, "Basi nifundisheni kucheza." Tulimcheka sana, na katika kucheka tukaanza kusema wenyewe.

Hata leo mtu akipiga hodi na karatasi mkononi, jina linalonijia kwanza ni Mariamu.

Hapa chini nimeandika langu la kweli, kwa kuwa ni wewe.

Bibi yako,
Hadija